Maji Yakirudi Kinyumenyume: Kizuia-mrudio kwa Nyumba za Kigoma

Kigoma ni mji wa vilima. Maji huvutwa kutoka Ziwa Tanganyika, hupandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyo juu, kisha hushuka yenyewe kwa mteremko hadi majumbani. Kila mita 10 za kushuka wima huongeza presha ya baa 1 hivi. Mteremko huohuo ndio unaoleta balaa umeme ukikatika au bomba kuu likipasuka. Maji yaliyomo bombani hayasimami kusubiri. Yanaendelea kushukia kwa walio bondeni, na nyuma yake linabaki ombwe. Nyumba iliyo juu ikifungua koki saa hiyo haipati tone, ila husikia bomba likifyonza hewa kwa mlio. Sasa fikiria kwamba kwenye koki hiyo umefungwa mpira, na ncha ya mpira imezama ndani ya ndoo ya sabuni, pipa la mawese linalooshwa au bomba la mgongoni la kupulizia dawa mchicha. Kitakachofyonzwa si hewa tena. Pampu zikiwashwa, kilichofyonzwa husukumwa kwa jirani. Huo ndio mrudio: maji kurudi kinyumenyume bombani, na kifaa cha kuyazuia ni kizuia-mrudio.

Njia ya pili ya mrudio haihitaji ombwe. Mwenye kisima akiunganisha pampu yake na bomba la mamlaka ya maji ili nyumba ipate maji ya pande zote mbili, pampu ikiwa na baa 3 na mtaa ukiwa na baa 1, maji ya kisima yanaingia mtaani bila kizuizi. Koki iliyofungwa katikati si kinga, maana koki hufunguliwa na watoto, na hupitisha ikichakaa. Mabomba hayo mawili yasikutane kabisa. Kila moja limwage maji tankini kwa mdomo wake, juu.

Wanaodhani haya ni makaratasi tu wakumbuke Chicago, mwaka 1933. Mabomba mabovu katika hoteli mbili yaliruhusu majitaka kuingia kwenye maji ya kunywa, na karibu watu 100 walikufa kwa kuhara damu kunakoletwa na amiba. Mji huo ulikuwa na maji yaliyotibiwa vizuri. Uchafu uliingia ndani ya majengo, baada ya maji kutoka mtamboni.

Kinga bora kuliko zote haiuzwi dukani. Ni pengo la hewa: nafasi tupu kati ya mdomo wa bomba linalojaza tanki na usawa wa juu kabisa ambao maji yanaweza kufikia. Kanuni ni mara mbili ya kipenyo cha ndani cha bomba, na kamwe isipungue milimita 25. Kwa bomba la robo tatu inchi, acha milimita 40. Maji hayawezi kuruka hewani kurudi bombani, basi hapo hakuna springi ya kuchoka wala mpira wa kupasuka. Lakini pengo hupimwa kuanzia usawa wa bomba la kumwagia yanayozidi, na bomba hilo liwe nene kuliko la kujaza: kama la kujaza ni robo tatu, la kumwagia liwe inchi moja na robo au zaidi. Likiwa jembamba, floti (boya linalofunga maji tanki likijaa) ikiharibika, maji yatapanda yafunike mdomo, na pengo halipo tena. Kosa linaloonekana sana ni la kuongeza kipande cha bomba kutoka kwenye floti hadi chini ya tanki ili maji yasipige kelele usiku. Kipande hicho ni mrija. Kitoe, vumilia kelele.

Nyumba nyingi, hata hivyo, hazina pengo, kwa sababu fundi ametumia bomba moja. Maji ya mtaa hupanda na kuingia tankini kwa chini, na mtaa ukikauka tanki huhudumia nyumba kwa bomba lilelile. Ni rahisi na huokoa mita kadhaa za bomba. Bila kizuizi baada ya mita ya maji, tanki la lita 1,000 lililojaa usiku hushuka lote mtaani asubuhi, na kama mita yako haihesabu kinyume, umelipia maji ya majirani. Mfumo huu ukibaki, lazima uwe na kizuia-mrudio. Ushauri wangu ni kuubadilisha: bomba la kujaza lipande juu, la kushusha litoke chini.

Kizuia-mrudio kidogo zaidi ni chekivalvu, valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, ambayo mafundi wengi huiita nonritani. Moja pekee inatosha kuzuia tanki lisimwagike mtaani. Haitoshi kulinda afya, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye kiti chake, pale kifuniko chake kinapokalia, hubaki wazi kidogo. Kwa nyumba ya kawaida weka chekivalvu mbili zilizofuatana, au kifaa kimoja chenye mbili ndani. Hospitali, maabara, mochwari, kiwanda cha sabuni na karakana inayotumia kemikali huhitaji kifaa cha daraja la juu, chenye chekivalvu mbili na chumba katikati kinachomwaga maji nje moja ikishindwa. Kifaa hicho hakifungwi ndani ya shimo linalojaa maji ya mvua. Kikae angalau sentimita 30 juu ya sakafu, na chini yake pawe na njia ya maji kuondoka. Kipimwe kila mwaka. Pia hula presha, baa 0.7 hadi 1, wakati chekivalvu ya springi hufunguka chini ya baa 0.1. Hilo lina maana kubwa huku kwetu. Kama tanki lako liko juu ya mnara, na mdomo wa kujazia uko mita 5 kutoka ardhini, unahitaji baa 0.5 kulifikia tu. Nyumba inayopata baa 0.8 usiku ikiwekewa kifaa kizito hicho, haitajaza tanki hata siku moja. Pima presha kwa geji (kipimo cha presha) kabla ya kununua.

Kazi ianze kwa kuzungumza na ofisi ya mamlaka ya maji, waseme aina wanayoikubali kwa jengo lako. Mita na kilicho kabla yake ni vya mamlaka, usiviguse. Kuchezea mita ni kosa la kisheria. Eneo lako ni baada ya mita, kabla ya tawi la kwanza, hata lile la koki ya bustani.

Kwa bomba la robo tatu andaa getivalvu moja (ya kufunga maji), chujio moja la umbo la Y, tii moja (kiungo cha njia tatu) yenye koki ndogo ya nusu inchi, chekivalvu mbili za shaba, yunioni mbili (viungo vinavyofunguka) na tepu nyeupe ya nyuzi za bomba. Mpangilio kutoka kwenye mita ni huohuo: getivalvu, chujio, tii ya majaribio, chekivalvu mbili, na yunioni kila upande ili vifunguliwe bila kukata bomba. Mshale ulio kwenye chekivalvu uelekee nyumbani. Tepu izungushwe mara 10 hivi, ukifuata mwelekeo wa kukazia. Ukizungusha kinyume itajikunja na kujitoa. Kwa bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa) la milimita 25, mashine ya kuyeyushia iwe nyuzi joto 260 na kuyeyusha kuishie sekunde 7. Ukizidisha, plastiki huvimba ndani na kubana njia, kisha lawama anatupiwa mwenye kutoa maji. Chekivalvu ya kigae kinachobembea ilale, au kama bomba ni wima, maji yawe yanapanda. Ukiifunga mahali maji yanaposhuka, kigae hubaki wazi muda wote.

Kuipima ni rahisi, ila kuna mtego mmoja. Funga getivalvu, fungua koki ya majaribio, kinga kikombe. Mwache mtu apande juu abonyeze floti ili hewa iingie kwenye bomba. Asipofanya hivyo, safu ya maji inaweza kushikiliwa na ombwe na ukadhani valvu ni nzima. Bomba la robo tatu lenye urefu wa mita 3 lina karibu lita moja. Yale machache yaliyobaki kati ya getivalvu na valvu yakishaisha, kikombe kikiendelea kujaa, chekivalvu inavuja. Mara nyingi tatizo ni mchanga: fungua yunioni, safisha kiti kwa maji na kitambaa, si kwa bisibisi.

Wenye hita ya maji moto waongeze jambo moja. Maji ya lita 50 yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa zaidi ya nusu lita. Zamani ziada hiyo ilirudi mtaani bila mtu kujua. Chekivalvu sasa imeziba njia. Hita iliyounganishwa moja kwa moja na mtaa iwe na valvu ya usalama, inayomwaga maji presha ikizidi, inayofanya kazi, na bomba lake la kumwagia lisizibwe.

Pampu ya kuvuta maji iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa haitibiwi na kifaa chochote. Inatengeneza ombwe kwenye bomba la wote, na palipo na ufa chini ya ardhi huvuta tope na kila kilicho karibu, choo kikiwemo. Pampu ivute kutoka kwenye tanki la chini lililojazwa kwa floti.

Mipira ya bustani nayo: ning'iniza mdomo juu ya pipa, usiuzamishe. Chujio la Y lisafishwe kila miezi mitatu, na mara moja baada ya kila ukarabati wa bomba kuu mtaani, kwa kuwa maji ya kwanza baada ya ukarabati ndiyo huleta mchanga mwingi. Fungua koki ya majaribio uyamwage hadi yawe meupe, ndipo uruhusu yaingie ndani.