Maana za karata zilitungwa na watu, na wewe unaweza kutunga zako

Wateja wangu wa Kadutu, hapa Bukavu, hawakosi swali hili: «Mama, unatumiaka maana za kweli ao za kwako?» Wanaotaka kujifunza kusoma karata, yaani kubashiri kwazo, nao huanzia hapo hapo. Wananionyesha kwenye simu majedwali ya maana waliyoyapata huku na kule, mengine wameyalipia, na kila mmoja anaapa kwamba lake ndilo la asili. Nimechoka kulijibu kwa mdomo. Ninaliandika hapa mara moja, pamoja na mengine machache yanayotembea nalo.

Majina kwanza, tusipotezane. Kopa ni zile tunazoziita hapa Bukavu keri, uru ni karo, pau ni trefle, shupaza ni pike.

«Maana za kweli zipo tangu kale, ukitunga zako unadanganya watu»

Hapana. Karata ziliingia Ulaya miaka ya 1370, na dalili zinaonyesha zilitoka Misri ya Wamamluki, watawala wa huko enzi hizo. Pakiti yao imehifadhiwa katika jumba la Topkapi, Istanbul: ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Mwaka 1377 mji wa Florence tayari ulikuwa unazipiga marufuku, na ulichokataza ni mchezo. Alama za kopa, uru, pau na shupaza zenyewe ni kazi ya Wafaransa wa karne ya 15, waliotaka maumbo mepesi kuchapa.

Ubashiri wenye jedwali ulikuja nyuma sana, na waliotunga majedwali hayo tunawajua kwa majina. Mwaka 1770, huko Paris, Jean-Baptiste Alliette aliligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, akachapisha kitabu cha kubashiri kwa pakiti ya karata 32. Karata ya 33 aliiongeza yeye mwenyewe, akaiita Etteilla. Basi huyo ndiye babu wa majedwali mengi mnayoniletea: mtu aliyeona pakiti haimtoshi akaongeza karata. Wale wa karata 36 za Mademoiselle Lenormand pia wasikilize. Mbashiri huyo alifariki mwaka 1843, karata zenye jina lake zikatoka baada ya kifo chake, na picha za karata hizo zilichukuliwa kutoka mchezo wa mezani wa Johann Kaspar Hechtel wa Nuremberg, wa mwaka 1799 hivi. Tarot, pakiti nyingine ambayo wabashiri wanaipenda, ilikuwa mchezo wa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Habari kwamba ni hekima ya mafarao ilienezwa na mwandishi wa Paris, Court de Gébelin, mwaka 1781, wakati ambapo Ulaya nzima hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Mfaransa Champollion aliyafumbua mwaka 1822.

Kama hayo hayatoshi, weka majedwali mawili kando kwa kando. Katika mengi ya Kifaransa, pesa ziko kwenye pau, na uru ni barua, safari na ugomvi. Katika mengi ya Kiingereza, uru ndizo pesa. Lipi la kweli? Yote mawili yametumika miaka na miaka, na kila moja linamfaa anayelijua vizuri.

Ninalikasirikia jambo hili kuliko mengine kwa sababu si la vitabuni tu. Mtu akiamini kwamba maana imetoka juu, hatajiona anawajibika kwa anachokisema. Majedwali ya zamani yanasema malkia wa shupaza ni mjane, au mwanamke mwenye nia mbaya. Huko yalikotungwa pengine lilikuwa neno la kupitisha jioni. Hapa kwetu mama mmoja atatoka mezani pako, atapanda ngazi za Kadutu hadi kwake, na mlango wa pili yuko mjane. Sihitaji kumalizia. Mwaka 2021, katika Kabare, Kalehe na Walungu, huku huku Kivu Kusini, wanawake waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wakuu wa serikali walisema wapo waliokuwa wametajwa na bajakazi, wale wanawake wanaojiita watabiri. Kwa watoto sheria ya Kongo iko wazi: ile ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inatoa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayemtuhumu mtoto uchawi. Valeti (jeki) wa shupaza hawezi kuwa «kijana wa nyumbani anayekula bahati yako». Ukisoma hivyo, umeyasema wewe. Karata ni karatasi ngumu iliyopakwa rangi.

Kwa hiyo tunga maana zako, na uzitunge ukijua ni zako. Nunua daftari. Usianze na karata 52, utachoka kufikia ya ishirini. Anza na makundi manne, uyape sehemu nne za maisha unayoyaona kila siku. Mimi nimeweka kopa kwa nyumba na jamaa, uru kwa pesa na biashara, pau kwa kazi na masomo, shupaza kwa kizuizi: kitu kinachohitaji kukatwa, kulipwa au kuachwa. Kisha wape namba mwendo mmoja unaopita makundi yote. Asi, yaani karata ya moja, ni mwanzo, mbili ni makubaliano, tatu ni kukua, nne ni kusimama imara, tano ni kupotea kwa kitu, na uendelee hivyo hadi kumi, ambapo jambo limejaa na haliongezeki tena. Sasa hesabu: makundi 4 na namba 10 ni mambo 14 ya kukumbuka, na yamekupa karata 40. Tano ya uru ni pesa inayopotea, tatu ya pau ni kazi inayokua. Hukukariri karata moja moja.

Zinabaki karata 12 za sura, na hapa nina neno ambalo silegezi. Usizifanye watu wa nje. Zifanye namna za kusimama za huyo huyo anayeuliza: valeti anajifunza, malkia anatunza, mfalme anaamua. Malkia wa shupaza akitoka, swali liende kwa aliyekaa mbele yako: «Mama, ni kizuizi gani umekitunza muda mrefu?» Nimeona watu wakinyamaza kwa swali hilo, halafu wakaongea saa nzima. Jirani hakutajwa.

Maana ikishaandikwa, haibadilishwi karata zikiwa mezani. Uibadilishe kesho, asubuhi, kwa kalamu, na uandike tarehe. Anayegeuza maana katikati ya usomaji ili imfurahishe mteja hana njia yoyote, ya kwake wala ya Etteilla.

«Asi ya shupaza ni kifo»

Ile asi imepambwa kuliko nyingine kwa sababu ya kodi. Uingereza ilikuwa ikitoza ushuru wa karata, na tangu 1765 asi ya shupaza ilichapwa na ofisi ya serikali yenyewe kama ushahidi kwamba kodi imelipwa. Watengenezaji waliendelea kuipamba hata ushuru ulipokwisha. Jokeri naye, mnayemwita shetani, alizaliwa Marekani katika miaka ya 1860 kwa ajili ya mchezo wa euchre. Mwache ndani au mtoe, ila uamue kabla ya kuchanganya.

«Karata ile ile inanifuata, kwa hiyo ni ishara»

Ukivuta karata 3 kila siku kwa siku 30, umevuta 90. Pakiti ina 52. Kurudia ni lazima. Na kabla ya kuniambia inakufuata, nionyeshe unavyochanganya. Wengi mnahamisha mafungu matatu manne kutoka juu kwenda chini, mnaita hiyo kuchanganya, halafu mnashangaa karata za jana zimetoka zikifuatana. Gawanya pakiti mara mbili, zichomekeane pembe kwa pembe, rudia mara saba. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis waliliandikia hilo mwaka 1992, na hiyo saba ndiyo ninayoidai kwa kila mwanafunzi wangu.

«Karata ikitoka kichwa chini, maana inageuka»

Ipi? Mfalme wa siku hizi ana vichwa viwili, huwezi kumgeuza. Wakati wa Etteilla alikuwa na kimoja. Karata za uru kwa kawaida hufanana juu na chini, isipokuwa saba. Ukitaka kweli maana za kugeuka, tia nukta ndogo ya wino kwenye pembe moja ya kila karata, upande mmoja wote. Mimi sizitumii. Anayeanza atapata mara mbili ya mambo ya kukumbuka bila faida.

«Pakiti lazima upewe, usinunue»

Nunua. Zile za Kichina za sokoni zinafaa, mradi migongo yote ifanane na isiwe na mikunjo ya kukuonyesha ni ipi. Ihesabu kabla ya kulipa.

«Ilinigusa sana, kwa hiyo karata zilijua»

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walikuwa wamepewa maandishi yale yale. Wakayapa wastani wa zaidi ya alama 4 kwa 5. «Una nguvu ambazo hujazitumia» humgusa kila mtu anayepumua. Njia nzuri inakulazimisha kusema jambo mahususi au kuuliza swali mahususi, ndiyo maana ninadai daftari. Baada ya mwezi, fungua ulichoandika, usome mteja wako akikusikiliza. Wabashiri wengi wa mji huu hawathubutu.

Karata hazijui kesho. Ninalisema kabla ya kupokea franka moja, na wapo wanaoinuka na kuondoka. Wanaobaki wanapata kitu cha maana: jambo lao limewekwa mezani vipande vipande, wakaliangalia kwa utulivu ambao nyumbani hawaupati.

Yapo maswali nisiyoyafungulia pakiti. Homa ya mtoto inakwenda hospitalini usiku huo huo. Na kubwa zaidi katika mji wetu wa ziwa Kivu: «Mama, nipande boti ya leo kwenda Goma?» Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilizama ikiwa imekaribia bandari ya Kituku huko Goma, ikitoka Minova, imejaa kupita kiasi. Swali hilo linajibiwa bandarini. Tazama boti imezama majini kiasi gani kabla ya kuondoka, hesabu watu, ulizia jaketi za kuokolea na uivae yako kabla kamba haijafunguliwa. Ukiona imejaa, shuka, hata kama umeshalipa tiketi, usubiri ya kesho.