Kompyuta ya Zamani Haitoki Maabarani kwa Mlango wa Nyuma

Tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ya kwanza hapa Kenya ilipoingia Sekondari Pevu, maswali tunayopokea kutoka kwa walimu wakuu yanafanana. Shule imepata kompyuta mpya za maabara ya sayansi, ziwe za mfadhili, za wazazi au za hazina ya eneobunge, na sasa inauliza zile za zamani ziende wapi. Hao wanaouliza nawashukuru. Wengine hawaulizi. Tunafika kukagua, daftari la mali linasema kompyuta 20, maabarani tunahesabu 13, na mwalimu aliyejua 7 zilikokwenda alihamishwa muhula uliopita.

Sijakutana na mwalimu aliyeuza kompyuta ya shule ili atajirike. Karibu kila mara ni mtu aliyetaka kupisha nafasi, akampa fundi "azitoe tu". Lakini mali ya umma haina kutolewa tu, na nia njema haijazi pengo kwenye daftari.

Nianze na haraka yenyewe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za shule zetu zilifika zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa kwenye ofisi za watu, kwa hiyo hazikubaliki. Kutoka hapo shule inaruka moja kwa moja hadi neno "mbovu". Taratibu. Kompyuta isiyokubali Windows 11 imekosa mfumo mmoja tu wa kuendeshea. Ukiiondolea diski ya kuzunguka ukaiwekea SSD, yaani diski isiyozunguka, ukaiongezea kumbukumbu ifike gigabaiti 8, ukaipa mfumo wa bure wa Linux, inaweza kuhudumu darasani miaka mingine kadhaa.

Na darasa la sayansi linahitaji nini hasa? Mwalimu wa fizikia anayetaka wanafunzi waone mkondo wa umeme ukibadilika anapoongeza ukinzani anaweza kutumia majaribio ya kuigiza ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni ya bure, yanafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, yanaweza kupakuliwa yakatumika bila intaneti, na baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji mashine ya bei ya juu. Sisemi shule zisinunue mpya. Nasema kamati ipate kwanza maoni ya fundi kwa maandishi, mashine moja moja, kwa sababu ya jambo ambalo wengi hawalisomi: Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inatenganisha kifaa kisichofanya kazi, kilichopitwa na wakati, kinachoelekea kupitwa na wakati, na cha ziada. Ukiandika "mbovu" kwenye mashine 20 zote wakati 9 zinawaka, umetia sahihi kwenye jambo lisilo kweli.

Sasa utaratibu. Nauandika kirefu kwa sababu ndipo mafaili yanapokwama.

Uondoaji wa mali hupangwa. Shule inatakiwa kuwa na mpango wa mwaka wa kuondoa mali kama ilivyo na mpango wa ununuzi, kwa hiyo kompyuta za kutolewa ziingizwe humo mapema, si siku gari la mfadhili limesimama getini. Anayezisimamia, kwa kawaida mkuu wa maabara au mwalimu wa kompyuta, anaandika orodha na kuipeleka kwa anayeshughulikia ununuzi, naye anaifikisha kwa kamati ya kuondoa mali. Orodha iwe na nambari ya shule iliyobandikwa kwenye kifaa, nambari ya kiwandani, tarehe kilipopokelewa, kilikotoka, na hali yake leo. "Kompyuta 1 nyeusi" si maelezo. Nimeona orodha ya kurasa tatu ambayo kila mstari ulisema hivyo, na hakuna mtu aliyeweza kuthibitisha ni nyeusi ipi.

Kamati inakagua vifaa kwa macho, inakadiria thamani na kupendekeza njia. Kifungu cha 165 kinazitaja: kuhamishia taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo, kuuza kwa zabuni ya wazi, kuuza kwa mnada wa hadhara, kumrudishia muuzaji kama sehemu ya bei ya kifaa kipya, au kutupa kwa utaratibu wa taka. Kwa mashine zinazowaka, mimi ningeangalia kwanza ile ya mwanzo. Jirani yenu wa sekondari ya kutwa huenda hana hata moja, na hati ya makabidhiano yenye sahihi za pande mbili inatosha kuziondoa kwenye daftari lenu na kuziingiza kwenye lake. Kamati haiamui, inapendekeza. Uamuzi ni wa afisa mwajibikaji, yaani anayewajibika kisheria kwa fedha na mali ya taasisi, kwa maandishi, na kifaa hakitoki kabla ya uamuzi huo. Barua iliyoandikwa baada ya gari kuondoka tunaitambua, kwa kuwa daftari la getini lina tarehe yake.

Hapa niseme wazi, maana swali hili nimelijibu mara nyingi mno: hapana, mwalimu aliyetunza maabara kwa miaka 10 hapewi kompyuta moja kama asante. Kifungu cha 166 kinakataza kumpa au kumuuzia mfanyakazi wa taasisi, au mjumbe wa bodi au kamati yake, isipokuwa pale sheria au kanuni zimeruhusu waziwazi. Haijalishi kwamba haiwaki. Haijalishi kwamba bodi nzima ilikubaliana kwa mdomo. Na haijalishi kwamba ilikuwa msaada. Hili la msaada linanichosha. Mfadhili akishakabidhi na shule ikapokea, kifaa ni mali ya shule ya umma sawa na dawati lililonunuliwa kwa fedha za serikali. Kubaki kwa nembo ya benki ubavuni hakubadilishi mwenye mali.

Adhabu za sheria hii si za kutishia watoto. Mtu binafsi akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 4, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni, faini isiyozidi shilingi milioni 10. Kwa upande wa kununua mpya niongeze moja tu: maelezo ya zabuni yasitaje chapa. Andika uwezo unaoutaka, na kama hakuna namna ila kutaja jina, ongeza "au inayolingana nayo".

Nimeacha diski kwa makusudi, kwa sababu inanikosesha usingizi kuliko vyote nilivyotaja. Kompyuta ya maabara ya sayansi haibaki na majaribio ya kemia pekee. Mashine ya ofisi ikilala, karani anakuja kuingizia alama hapo. Mwalimu wa darasa anachapa orodha yenye tarehe za kuzaliwa, nambari za vyeti, simu za wazazi, wakati mwingine hata barua ya hospitali ya mwanafunzi. Miaka sita ya namna hiyo iko ndani ya kile kisanduku anachokwenda nacho fundi.

"Tumefuta, mwalimu" ndilo jibu ninalopewa. Kufuta faili au kufomati kwa haraka kunaondoa anwani tu. Maandishi yenyewe yanabaki, na programu za bure za kuyarudisha anazo kila fundi wa mtaani. Diski ya kuzunguka iandikwe juu yake yote, mwanzo hadi mwisho, kwa programu ya kazi hiyo. SSD inatumia amri maalumu ya mtengenezaji, kwa sababu haihifadhi vitu kwa mpangilio ule ule. Diski iliyokufa isiyosomeka itolewe na iharibiwe kwa kutobolewa, mbele ya watu wawili. Halafu andikeni: nambari ya diski, namna ilivyofutwa, tarehe, aliyefuta, aliyeshuhudia. Kazi ya asubuhi moja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka data ya watoto chini ya ulinzi wa pekee, na inamtaka anayetunza data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue imevuja na kwamba kuna hatari ya madhara kwa wahusika. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Ila sitaki mwalimu afute diski kwa kuogopa faini. Afute kwa sababu ya mtoto ambaye barua yake ya hospitali imo humo.

Zinazobaki baada ya haya yote ni taka za kielektroniki, na sheria ile ile ya ununuzi inasema zikabidhiwe tu kwa mwenye leseni ya kushughulikia taka hizo chini ya sheria ya mazingira. Dalali wa vyuma chakavu mwenye mkokoteni hana leseni hiyo, hata akilipa vizuri. Kioo cha skrini za kale zenye kisogo kina madini ya risasi. Msizivunje, msiwape vijana wa adhabu wazibebe na kuzirundika nyuma ya jiko. Betri za UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, nazo ni risasi na asidi. Wakaaji wa Owino Uhuru kule Mombasa waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, risasi ikaingia kwenye damu za watoto wao, na mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri nne za maabara yenu si kiwanda, najua. Lakini kila betri iliyofika kwenye kiwanda kama kile ilitoka kwenye stoo ya mtu.

Kabla ya kumkabidhi mzigo, mwombeni anayechukua nakala ya leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, muisome tarehe ya mwisho wake, mpime uzito pamoja naye, na mdai cheti cha kupokea kinachoorodhesha vifaa. Nakala moja iende kwa bodi. Nyingine ikae kwenye faili la mali pamoja na orodha ya fundi, kumbukumbu za kamati, barua ya idhini na karatasi ya diski, kwa mpangilio huo, kwa sababu ndivyo tutakavyoziomba tukifika.