Spana Isiyoenea Nati Yoyote: Kutafuta Vifaa Asilia vya Magari ya Kale

Mwenye gari la kale hugharimia rangi, viti na injini mpaka gari lirudie sura yake ya kiwandani, lakini ukifungua buti unakuta spana mpya zilizonunuliwa juzi. Mimi hufufua magari ya aina hiyo, hasa Land Rover za mwanzo na Volkswagen Beetle, na ninaamini kwamba vifaa vingi vilivyotoka nayo kiwandani bado vimelala kwa wauza spana kuukuu na vyuma chakavu, iwe Gikomba jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam. Wanunuzi huvipita kwa sababu wanatafuta jina la gari, ilhali jina la gari mara nyingi halikuandikwa kabisa.

Viwanda vya magari havikuwa na desturi ya kujifulia spana; vilizinunua kwa wenye kazi hiyo. Kwa magari ya Kijerumani, mji wa kukumbuka ni Remscheid, walikoanzia Hazet mwaka 1868, Gedore mwaka 1919, na baadaye Heyco. Kwa hiyo spana iliyokuja na Mercedes au Volkswagen yaweza kuwa na jina la mtengenezaji tu, vipimo vyake, na alama ya DIN 895, ambayo ni kiwango cha zamani cha Kijerumani cha spana za mdomo wazi. Alama hiyo haithibitishi kwamba spana ilikaa ndani ya gari, kwa kuwa gereji nazo zilinunua spana hizo hizo, lakini inatosha kuitenga na rundo la spana za kisasa.

Kwa magari ya Kiingereza, kipimo ndicho kinachosema zaidi. Nambari iliyogongwa kwenye spana ya Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza cha boliti, haitaji upana wa mdomo wake, bali kipenyo cha boliti inayokusudiwa. Spana yenye alama ya 1/4 W ina mdomo wa inchi 0.525, yaani takriban milimita 13.3, na mara nyingi pembeni yake huandikwa pia 5/16 BS, kwa kuwa boliti za BSF, kipimo kingine cha Kiingereza chenye nyuzi za karibu-karibu, zilipewa vichwa vidogo zaidi. Fundi wa leo akiijaribu kwenye nati ya milimita 13 inacheza, akiilazimisha inakula kona za nati, na kwenye ya 14 haiingii. Huiona haina kazi na kuitupa ndooni, na kwa sababu hiyo hiyo mdomo wake haujapanuka hata baada ya miaka mingi. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya nyuzi za pamoja za boliti, lakini Land Rover iliyozaliwa mwaka huo huo ilianza na nyuzi za zamani, kisha ikachanganya aina zote mbili kwa muda mrefu. Ndiyo sababu siendi sokoni bila kalipa, kifaa cha kupimia upana, mfukoni.

Beetle ina kifaa ambacho watu hukidharau: spana ya plagi ya milimita 21, bomba lenye tundu la kupitishia nondo. Spana hiyo hufungua pia nati ya puli ya dainamo. Unaingiza bisibisi kwenye pengo la puli ili isizunguke, unalegeza nati, kisha unaongeza au kupunguza washa zilizo kati ya vipande viwili vya puli mpaka mkanda ukaze inavyotakiwa. Mkanda huo ndio unaozungusha feni ya kupozea injini, kwa hiyo ukikatika njiani huna safari, na vifaa hivyo viwili vilikuwa vya lazima. Kisanduku cha mviringo cha Hazet kilichokaa katikati ya gurudumu la akiba ni habari nyingine: bei yake haishikiki, na nakala mpya zipo, hivyo mimi hukichunguza kwa shaka.

Kwa Peugeot, tahadhari. Nembo ya simba ya kampuni hiyo ilitumika kwenye misumeno karne ya 19, kabla ya gari lolote, na familia hiyo iliendelea kuuza vifaa vya mkono. Simba peke yake hamaanishi kwamba spana ilitoka kwenye gari la Peugeot 404.

Nunua kwa fungu, usishike kimoja ukakigeuza-geuza, maana muuzaji husoma uso wako. Nyumbani, loweka kwenye mafuta ya taa na usugue kwa brashi ya shaba. Mashine ya kusagia na msasa mkali hufuta maandishi, na maandishi ndiyo uliyoyalipia. Jeki ya asili iweke butini kwa ajili ya maonyesho, lakini unapoingia chini ya gari tumia stendi imara.