Je, wajua nani humchunguza askari anayetuhumiwa?

Mkulima wa tumbaku wa Urambo anapodaiwa rushwa na askari, au kijana wa bodaboda wa Isevya anapopigwa akiwa mahabusu, wengi hudhani kwamba wakili wa serikali aliyeko Tabora mjini atatoka mwenyewe kwenda kutafuta ushahidi. Sivyo. Kupeleleza na kushtaki ni kazi mbili zilizotenganishwa. Ibara ya 59B ya Katiba ya Tanzania humpa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka ya jinai, na Sheria ya mwaka 2008 iliyounda huduma ya mashtaka ya taifa ikamwongezea uwezo wa kuratibu upelelezi. Silaha ya wakili ni jalada: hulisoma, huona pengo lilipo, na hulirudisha kwa mpelelezi likiwa na maelekezo ya maandishi.

Katika rushwa njia ni nyoofu zaidi, kwa kuwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ina wachunguzi wake wasio askari polisi. Mlalamikaji akitoa taarifa mapema, huenda ukawekwa mtego: namba za noti huandikwa kabla, fedha hukabidhiwa mbele ya mashahidi, na mtuhumiwa hukamatwa akiwa nazo. Hapo wakili huuliza maswali ambayo mahakama itayauliza baadaye. Nani aliandika zile namba? Fedha zilitunzwa wapi hadi siku ya kesi, na je, kila aliyezishika alisaini? Kesi yenye ukweli wote huweza kuanguka kwa sababu kielelezo kilikaa siku moja mikononi mwa mtu asiyejulikana. Kosa likithibitika chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, adhabu ni faini ya kati ya shilingi 500,000 na 1,000,000, kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote viwili.

Ugumu wa kweli huanza pale askari anapotuhumiwa kupiga au kuua, maana mpelelezi huwa mwenzake wa kazi. Fikiria fomu ya PF3, ambayo majeruhi huihitaji ili maelezo ya daktari yaingie kwenye jalada: hutolewa kituo cha polisi, pengine kilekile alikoumizwa. Naona huu ni udhaifu mkubwa, na wakili makini hautazami kwa macho makavu; huagiza daktari ahojiwe, kitabu cha mahabusu kiletwe, na mahabusu wengine waandikishe maelezo. Mtu akifia mahabusu, hakimu akiwa korona, yaani mchunguzi wa vifo, anaweza kuchunguza kifo hicho chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo.

Mashtaka ya kijeshi, yaani ya kinidhamu ndani ya jeshi la polisi, ambayo mara nyingi huishia kwa askari kufukuzwa kazi, hayachukui nafasi ya kesi ya jinai. Baada ya mwandishi wa habari Daudi Mwangosi kuuawa Nyololo, mkoani Iringa, Septemba 2012, askari mmoja alishtakiwa Mahakama Kuu, akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Kwa hiyo mlalamikaji wa Nzega, Sikonge au Kaliua atunze namba ya RB, anayopewa kituoni taarifa yake inapoandikwa, na nakala ya PF3. Jalada likikwama kwa mpelelezi, anaweza kuandika barua kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa akitaja namba hiyo na kuomba jalada liitwe. Na kwa rushwa, TAKUKURU hupokea simu bila malipo kwa namba 113.