BBA: Kazi Zipo, Ila Hazijaandikwa kwa Jina la Shahada Yako

"Mwalimu, nikimaliza nitaitwa nani?"

Swali hili hunifikia kila mwaka katika kitengo chetu cha ushauri wa ajira chuoni, mara nyingi muhula wa mwisho, bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, likiwa limeshakata. Ni swali la haki. Aliyesoma uuguzi anajua ataitwa muuguzi. Wa shahada ya utawala wa biashara, yaani BBA, hana jina linalomsubiri, na akiingia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali ya Tanzania, kutafuta tangazo lenye jina la shahada yake, atatafuta mpaka macho yaume. Kazi anazozitaka zimo humohumo, ila zimevaa majina mengine.

Serikalini, jina la kwanza kulifahamu ni Afisa Biashara, yule wa halmashauri anayeshughulika na leseni na kukagua biashara. Matangazo ya kada hiyo huitaja shahada yako wazi, pamoja na masoko na uchumi. Wapo pia Afisa Ugavi, Afisa Rasilimali Watu na Afisa Hesabu, na hapo ndipo mchepuo unapokuja kukuumbua au kukuokoa. Tangazo la Afisa Hesabu linamtaka mwenye mwelekeo wa uhasibu. Kama uliifuata kozi ya masoko kwa sababu rafiki zako wote walikuwa huko, tangazo hilo si lako hata uwe na GPA ya 4.5. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mchepuo, soma matangazo ishirini ya kazi. Usisubiri kuyasoma baada ya mahafali.

Ukielekea ugavi, jua kwamba fani hiyo ina bodi yake ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, PSPTB, na kuifanya bila kusajiliwa ni kosa kisheria. Uhasibu nao una NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Serikalini tofauti ya Afisa Hesabu na Mhasibu kwa kiasi kikubwa ni CPA, sifa ya juu ya uhasibu inayotolewa na NBAA. Mitihani ya bodi hizi hufanyika Mei na Novemba, na mwenye shahada husamehewa baadhi ya ngazi kulingana na alichosoma. Nawashauri wanafunzi waanze mara tu baada ya chuo, kichwa kikiwa bado cha moto. Ukishazoea mshahara, kurudi kwenye madaftari ni kazi.

Jambo dogo linalowaangusha wengi: Sekretarieti ya Ajira, inayoendesha usaili wa kazi za serikali, haipokei hati ya matokeo ya muda wala slipu za kidato cha nne na cha sita. Inataka vyeti vyenyewe, vimethibitishwa na mwanasheria. Fuatilia vyeti vyako mapema. Na ukifaulu usaili ukakosa nafasi, usikate tamaa haraka, kwa maana jina lako huwekwa kwenye kanzidata kwa muda na unaweza kuitwa.

Sasa nije sekta binafsi, na niseme wazi kwamba nina upendeleo. Wanafunzi wangu wengi wanaiota benki. Sibezi ndoto hiyo, lakini wanaopanga foleni mlangoni hapo ni wengi, na wengi wa wanaoingia huanza kwa mikataba mifupi ya kutafuta wateja. Wakati huohuo, kuna mfanyabiashara wa jumla Kariakoo anayeuza mzigo wa mamilioni kwa siku, huku madeni ya wateja yakiwa kwenye daftari la kaunta na stoo akiijua kijana mmoja tu, tena kwa kichwa. Mwaka akifunga hesabu, faida haionekani na hajui imepotelea wapi. Huyu hajui kwamba anahitaji mhitimu wa utawala wa biashara. Hatatangaza nafasi, na hutamkuta kwenye maonesho ya ajira.

Anachohitaji si nadharia za uongozi. Anahitaji mtu wa kuhesabu stoo kila wiki na kuilinganisha na risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti, kujua mteja gani analimbikiza deni, na kuzikumbuka tarehe: kodi ya mishahara ya wafanyakazi hulipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20. Adhabu za kuchelewa zinamla kila mwaka kimyakimya. Mtu akimwondolea adhabu hizo peke yake, ameshajilipa sehemu ya mshahara. Ndiyo maana nawaambia vijana waende fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa wasambazaji wa vinywaji, kwenye mashine za kukoboa mpunga. Wengi hununa. Wanataka ofisi yenye kiyoyozi, halafu wanakaa wiki nane wakitoa fotokopi.

Njia nyingine isiyotazamwa sana ni SACCOS, vyama vya akiba na mikopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilivitaka vyama hivi viwe na leseni na kutoa taarifa kwa utaratibu maalumu, na vingi havikuwa na mtu wa kuziandaa. AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho, kahawa na ufuta, nazo zinahitaji watu wa hesabu na stakabadhi. Nafasi ya Afisa Mikopo kwenye kampuni ndogo za kukopesha, zile mtaani wanazoziita kausha damu, ni habari nyingine. Utajifunza kumpima mkopaji, hilo kweli. Lakini soma mkataba kwanza, maana zipo zinazokulipa kwa marejesho tu, na mteja akikimbia, wewe ndiye unayeulizwa.

Tena jifunze NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika 2023. Kampuni ndogo nyingi zina bidhaa na mtaji, ila hazina mtu wa kuandaa zabuni. Sheria ya ununuzi imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo.

Kuhusu mshahara, tupige hesabu pamoja, kwani wazazi nao husoma kurasa hizi. Tuseme umeajiriwa kwenye kampuni binafsi kwa shilingi 600,000. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 60,000. Inayobaki, 540,000, inakatwa kodi ya 24,000. Kama ulikopeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara ni 90,000. Mkononi unabaki na 426,000, kabla ya nauli na chumba. Ukiwa na hesabu hii kichwani, utauliza pia kama kuna posho ya nauli, bima ya afya, au kamisheni.

Na anayetaka kujiajiri asidhani ndiyo njia ya walioshindwa. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hufanyika mtandaoni, TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa na mamlaka ya mapato, TRA, bila malipo, kisha leseni. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wa kuanza naye ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Nenda na wenzako kama kikundi, na andiko la mradi uliloliandika mwenyewe. Hilo angalau ulifundishwa.