Nawafundisha kuitafuta kura ya mpinzani

Wanafunzi wengi wanaojiunga na klabu yetu hapa Arusha wametokea kwenye midahalo ya shule. Wanajua kupanga hoja na kumbana msemaji wa upande wa pili hadi ukumbi mzima upige makofi. Kwenye kikao cha mfano cha Umoja wa Mataifa, ambako kila mwanafunzi huigiza mjumbe wa nchi fulani, ufundi huo haufiki mbali, kwa sababu uliyemuaibisha sasa hivi ndiye unayekwenda kumwomba kura.

Huwa naanza na Baraza la Usalama. Wajumbe ni 15. Azimio hupita likipata kura 9, ilimradi asilipinge hata mmoja wa wale watano wa kudumu: China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi. Vijana huhangaika kuishawishi Urusi iseme ndiyo. Nawauliza, kwani mnaihitaji hiyo ndiyo? Mjumbe wa kudumu asipounga mkono wala kupinga, azimio halifi. Azimio namba 1973 kuhusu Libya, Machi 2011, lilipata kura 10 tu. China na Urusi hazikuegemea upande wowote, nalo likapita. Wakishalielewa hilo, mapumziko ya chai hugeuka kabisa. Wanaifuata Urusi na rasimu mkononi, wanauliza ni aya ipi inayoikera, na ikilegezwa kidogo je, itanyamaza? Kwangu somo lenyewe ni hapo kwenye korido, kuliko hotuba yoyote.

Nchi nawapangia mimi, tena mara nyingi nampa mtu nchi ambayo msimamo wake unamuudhi. Kikao ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1981, Mtanzania Salim Ahmed Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru, China nayo ikamzuia Kurt Waldheim aliyekuwa Katibu Mkuu wakati huo, mwishowe nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Mtanzania anayekalia kiti cha Marekani siku hiyo hupata shida kweli, nami simpunguzii.

Muhula ujao tunahamia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa mjini. Wakuu wa nchi 8 huamua kwa makubaliano ya wote, hakuna kuhesabu kura. Somalia na Burundi nimeshawapa wale wawili wanaozungumza kwa sauti kubwa kuliko wenzao.