Faili la Vectorworks limevimba? Usikimbilie kufuta samani

Wengi wanaotumia Vectorworks, programu ya kuchora majengo, huamini faili likifika megabaiti mamia, basi jengo lina vitu vingi mno. Wanafuta viti na miti, faili linapungua kidogo tu. Mara nyingi mzigo uko kwenye kache: picha za madirisha ya mwonekano (viewport, yaani fremu zinazoonyesha modeli kwenye karatasi ya kuchapisha) zilizokwisha kuchorwa na kuhifadhiwa ndani ya faili.

Tazama karatasi moja ya A1. Kwa dpi 150 (nukta kwa kila inchi) ina pikseli kama milioni 17. Ukipandisha hadi 300 zinakuwa karibu milioni 70, yaani mara nne, si mbili. Zidisha kwa karatasi ishirini.

Fungua mapendeleo ya hati, sehemu ya mwonekano, uondoe alama kwenye kisanduku cha kuhifadhi kache ya madirisha hayo (Save viewport cache), kisha hifadhi. Modeli haiguswi.

Ila kuna gharama: ukifungua tena, madirisha yaliyorenderiwa (yaliyogeuzwa kuwa picha kamili) lazima yasasishwe upya, na render nzito huchukua muda. Kwa hiyo usizime kache usiku wa kuamkia kuchapisha. Na ukimtumia mwenzako faili, mtumie na PDF, asije akakuta karatasi tupu akadhani umekosea.